Kalamu Chini

Picha ililetwa darasani ikiwa imefunikwa leso. Mwalimu aliiweka juu ya meza, akaiegemeza ubaoni, akalikunja pindo la leso lisiguse unga wa chaki, kisha akawageukia wanafunzi wake 43 wa Kidato cha Pili kana kwamba nyuma yake hapakuwa na kitu. Ilikuwa saa tano kasoro robo, na joto la Kilifi lilikuwa limeshaingia bila kubisha hodi. Mimi nilipewa kiti cha nyuma karibu na dirisha, kwa sharti moja: nisimsaidie mtoto yeyote kwa neno wala kwa uso. "Ukitabasamu tu," aliniambia mlangoni, "watajua wamepatia, na wakishajua wamepatia wataacha kutafuta."

Nilikuwa nimekwenda kumtazama akifundisha insha. Yeyote aliyepitia shule za Kenya anazijua insha zetu. Mtoto hurauka alfajiri na mapema, jogoo wa kwanza anapowika. Hukoga, hupiga mswaki, hupata staftahi, kisha hufyatuka mithili ya mshale. Akifurahi, furaha yake ni ghaya. Akilia, machozi humtiririka njia mbili mbili. Nami niliandika hivyo hivyo. Mwalimu wangu mmoja wa zamani alitupa orodha ya vifungu kama hivyo, tukavikariri kama hesabu za kuzidisha, nikawa navipachika popote penye nafasi. Kuna insha niliyoandika juu ya ajali ya basi ambamo jua lilichomoza kwa madaha katikati ya majeruhi. Nilipata alama 16 kwa 20.

Siwalaumu watoto. Karatasi ya insha ya mtihani wa kitaifa wa KCSE hudai insha mbili, kila moja isiyopungua maneno 400, kwa saa moja na dakika 45. Mwenye woga hushika kilicho karibu.

Mwalimu huyu alianza na dawa ambayo wengi wangeijaribu: aliwaletea picha za kawaida. Soko, ufuo, matatu iliyoharibika njiani. Akagundua kwamba akiwapa picha ya bahari, wanamwandikia bahari ya vitabuni, mawimbi yakibusu mchanga na kadhalika, bila hata kutazama kwamba kwenye picha maji yamekupwa. Kila kitu chenye jina kilikuja na kifungu chake mgongoni. Ndipo akaanza kutafuta picha isiyo na kitu chenye jina, picha dhahania, ambayo jogoo hawezi kuwika ndani yake.

Aliyoichagua ni ya mchoraji Mrusi Wassily Kandinsky, ile ya maduara mengi, aliyoichora Januari na Februari 1926 akiwa mwalimu wa shule ya sanaa ya Bauhaus mjini Dessau, Ujerumani. Picha yenyewe iko New York, katika jumba la makumbusho la Guggenheim, na kila upande wake una takriban mita moja na sentimita 40. Ya mwalimu ilitoka saiba ya mjini. Aliichapisha mara tatu. Mara ya kwanza weusi ulitoka wa kahawia kwa sababu wino ulikuwa unakaribia kwisha. Mara ya pili buluu ilikuwa, kwa maneno yake, imekufa. Ya tatu aliikubali. Ilikuwa vipande vinne vya karatasi ya A3, na hapa ndipo nilipoanza kumheshimu. Vipande vinne vikiunganishwa ovyo, mshono ungepita juu ya duara kubwa. Yeye alihamisha mipaka kabla ya kuchapisha, akakata kingo kwa wembe na rula ya chuma, akaviunga kwa selotepu upande wa nyuma tu, kisha akavibandika juu ya plaiwudi nyembamba. Nilipoisogelea baadaye niliutafuta mshono kwa kidole. Ulipita kwenye giza, mahali pasipo na duara hata moja.

"Kalamu chini," alisema. Akaondoa leso.

Kwa wasioijua picha hiyo: ni giza lote, na ndani ya giza yanaelea maduara, makubwa na madogo, hakuna umbo jingine. Moja limeyapita yote kwa ukubwa. Ni la buluu, lina ukungu mweupe kulizunguka, na ndani yake kuna duara jeusi. Mengine yametawanyika, ya rangi tofauti, baadhi yakipandana, na pale yanapopandana rangi hubadilika kama vioo viwili vilivyowekwa pamoja. Hakuna mtu, mti wala upeo wa macho.

Dakika saba walitazama bila kusema. Aliweka saa mezani ili wote waione. Dakika ya kwanza walicheka kidogo. Ya pili walianza kutazamana. Ya tatu kijana mmoja alinong'ona, "Mwalimu, hizi ni doa," na mwalimu akainua kidole mdomoni bila kukasirika. Kuanzia dakika ya nne madawati yaliacha kulia. Msichana wa mstari wa mbele aliinamisha kichwa begani. Mwingine alifumba jicho moja. Mwalimu mwenyewe alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma, akiitazama picha nao, na nina hakika hakuwa akiigiza. Baada ya saa zile zote alizoishughulikia kwa wembe, bado alikuwa anaitazama.

Swali lake la kwanza halikuwa juu ya maana. Neno hilo sikulisikia kinywani mwake kwa dakika zote 80 za vipindi viwili. Aliuliza, "Kuna nini hapa?" Kila aliyejibu aliulizwa tena, "Umeona wapi mpaka ukasema hivyo?" na baadaye, "Kingine?" Ni maswali yaliyokwisha kutembea dunia, mtaalamu wa saikolojia Abigail Housen na Philip Yenawine, aliyeongoza elimu katika jumba la MoMA la New York, waliyajengea mbinu nzima ya kufundisha watu kutazama sanaa. Karatasini yanaonekana rahisi. Ugumu wake ni kuyarudia kwa sauti ile ile mara ya ishirini, kwa mtoto aliyesema jambo la ajabu na kwa aliyesema upuuzi, bila sauti kuwatenganisha.

"Naona upweke," alisema msichana mmoja, kwa fahari kidogo.

"Umeuona wapi, mama?"

Alinyamaza. Akatazama tena. "Lile dogo la pembeni kule. Yote mengine yako karibu na jingine. Lile halina jirani."

Mwalimu akaandika ubaoni: *halina jirani*. Upweke hakuuandika.

Kisha wakaingia kwenye rangi, na hapo alikaa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Mvulana alitaja duara jekundu. "Jekundu la nini?" aliulizwa, akasita. Mwalimu akachora mstari ubaoni na kuandika juu yake -eupe, -eusi, -ekundu. Akawakumbusha wanachokijua tayari: ni rangi hizi tatu tu ambazo Kiswahili kimezipa mzizi wake na kuzikubalisha na nomino. Nyingine nyingi tunazitaja kwa kunyooshea kitu kidole. Kijani kimetoka kwenye jani, kijivu kwenye jivu, kahawia kwenye kahawa, na zambarau na chungwa ni matunda tunayokula. Mzungumzaji wa lugha hii akitaka kutaja rangi, mara nyingi lazima kwanza akumbuke alishaiona wapi. Nimetumia Kiswahili maisha yangu yote na sikuwahi kulitazama jambo hili namna hiyo.

"Haya. Kila safu iniletee rangi pamoja na kitu chake."

Zilianza kuja polepole. Binti wa karibu na mlango alitoa *damu ya mzee*, neno analolitumia nyanya yake akichagua kitambaa, na darasa likakubali kwamba ndilo hasa duara moja la chini. Nyeupe ya ule ukungu haikuwa nyeupe ya chaki, walisema. Ilikuwa ya tui la pili. Kuna aliyeleta ukoko wa wali. Kuna aliyeleta embe lililoanza kuiva upande mmoja. Kijana aliyesema "rangi ya kupendeza" alipewa nafasi nyingine bila kukaripiwa. Aliyesema buluu ile ni kama mbingu aliulizwa saa ngapi. "Jioni." Jioni ya saa ngapi? "Kumi na mbili na nusu." Kabla ya adhana au baada? Kijana akafumba macho. "Ikiwa katikati," akasema, "muadhini hajamaliza." Mwalimu aliandika hiyo pia, neno kwa neno, chaki ikilia.

Akawauliza, pale maduara mawili yanapopandana, lipi liko juu? Darasa likagawanyika papo hapo. Upande wa dirisha uliapa ni hili, upande wa mlango ukaapa ni lile. Watu walisimama, wakaenda mbele kutazama kwa karibu, wakarudi na msimamo ule ule. Nami kwa siri nilikuwa na upande wangu, nikaupoteza, nikaupata tena. Alipoona wamechoka kubishana alisema tu, "Basi tuendelee," na swali likabaki pale. Nikawaona watoto kadhaa wakiendelea kulitupia jicho hadi mwisho wa kipindi.

Sauti aliipitia haraka zaidi. Kila mmoja achague duara na aseme linalia vipi. Madogo yalikuwa *to*, *to*, na *ndo ndo ndo* ya bomba lisilofungika. Duara kubwa la buluu lilizua mgogoro kati ya siwa ya Lamu, kwa msichana ambaye mamake ni wa huko, na mngurumo wa jenereta ya mbali usiku stima ikipotea, kwa kijana mmoja wa nyuma. Baada ya hapo tu ndipo alipowaambia kwamba mchoraji mwenyewe alikuwa mtu wa kusikia rangi. Katika kitabu alichokitoa mwishoni mwa 1911 aliandika kwamba buluu nyepesi ni filimbi, nzito kidogo ni selo, na ile ya ndani kabisa ni kinanda cha kanisani.

"Kwa hiyo nimepatia, Mwalimu?" aliuliza kijana wa jenereta.

"Yeye alisikia kinanda. Wewe umesikia jenereta. Haya, baba, endelea."

Nikakumbuka sharti la mlangoni, nikatazama nje.

Halafu alifanya jambo ambalo sikulitegemea. Alishika plaiwudi kwa mikono miwili na kuigeuza juu chini. Duara kubwa, lililokuwa juu kuelekea kushoto, likawa chini kuelekea kulia. Darasa zima likaguna. "Sasa limetua," alisema mmoja. "La, limezama," akasema mwingine. Yaliyokuwa yakipaa yakawa yanaanguka, na lile lisilo na jirani sasa lilikuwa limewatangulia wenzake. Mwalimu aliwasimulia kisa ambacho Kandinsky alikiandika mwenyewe: jioni moja huko Munich, aliingia chumbani mwake giza likianza, akaona picha nzuri ajabu asiyoitambua, imejaa rangi na maumbo tu. Aliposogea akakuta ni yake mwenyewe, imeegemezwa ukutani kwa ubavu. Kesho yake, mchana, alijaribu kuiona tena vile na haikuwezekana kikamilifu. Vitu alivyovichora vilikuwa vinajitokeza na kumzuia.

Picha haikurudishwa. Ilibaki juu chini.

Ikawa zamu ya kalamu. Masharti aliyatoa kwa mdomo, taratibu, akingoja kila moja lishike. Chagua duara moja na uwe wewe ndilo. Sema kwa "mimi". Sentensi tano, zikizidi saba. Usitumie *kama* wala *mithili*, na hapo walilalamika, kwa kuwa nusu saa nzima alikuwa amewafundisha kufananisha. "Mmeshafananisha vya kutosha. Sasa mnakijua kitu, kisemeni." La mwisho lilikuwa kwamba ndani ya picha hii hakuna alfajiri. Walicheka, kila mmoja akimtazama mwenzake.

Walipoinama, alianza kutembea kati ya madawati na kipisi cha penseli kisichozidi urefu wa kidole cha mwisho. Kalamu nyekundu haikuwepo. Alikuwa akisimama nyuma ya bega la mtoto, anasoma, na mara nyingine anaweka nukta moja pembezoni mwa mstari, kisha anakwenda zake. Niliuliza baadaye nukta ile ina maana gani. Si sifa wala kosa. Aliyewekewa anapaswa kuusoma mstari huo kwa sauti ya chini, kwa masikio yake mwenyewe, na kuamua. Kuna madaftari aliyopita bila kuyagusa. Kuna dawati moja alilosimama nalo dakika nzima, mkono umeinuka na penseli tayari, kisha akaushusha.

Mbele yangu aliketi kijana mmoja mwembamba aliyekuwa na mazoea ya kufunika daftari kwa kiwiko. Kwa juu ya bega lake nilisoma: *Nilirauka alfajiri na mapema nikiwa duara jeusi.* Nusura nivunje sharti kwa kucheka. Nukta ikawekwa. Akasoma midomo ikichezacheza, akakata *alfajiri na mapema*. Ikabaki *Nilirauka nikiwa duara jeusi.* Mwalimu aliporudi kwenye safu ile aliweka nukta ya pili juu ya ile ya kwanza, na safari hii aliinama.

"Ulirauka kutoka wapi, mwanangu?"

Akaondoka kabla ya jibu. Kijana alikaa muda mrefu akiitazama picha, kiwiko kimeacha kufunika daftari. Kisha akaifuta sentensi yote na kuandika: *Sikuamka. Nipo tu, ndani ya mkubwa.*

Si wote waliofika hapo. Kuna daftari moja nililoliona lenye mistari mitatu ya rangi na hakuna kitu kingine, na kuna mtoto aliyelipa duara lake mama wa kambo mwenye roho mbaya, hadithi nzima, tayari tayari. Mwalimu aliziacha kazi hizo zilivyo. Aliniambia anao muhula mzima na picha nane.

Zikiwa zimebaki dakika kumi na tano aliwaagiza wakate sentensi ya kwanza, yoyote iwayo, kisha wasome kilichobaki. Kikisimama chenyewe, iende, kikianguka, irudisheni. Miguno ilikuwa ya kweli. Nilihesabu kwa macho: kama nusu yao waliirudisha, naye hakuwauliza kwa nini.

Wakiwa katika kazi hiyo alikuja nyuma kunitazama, nikamnong'oneza swali la mtihani. Maneno 400 je? Alisema mtoto mwenye sentensi tano zake mwenyewe ataweza kuzirefusha. Sina hakika wasahihishaji wote watakubaliana naye. Nikamuuliza kama yeye naye huandika. Akafungua faili lake na kunionyesha picha ya muhula ujao, mapigo mafupi ya rangi yaliyopangwa duara ndani ya duara, kazi ya Alma Thomas. Mama huyo alifundisha sanaa katika shule moja ya Washington tangu 1924 hadi alipostaafu mwaka 1960, na picha zilizompa jina alizichora baada ya hapo. Mwaka 1972, akiwa na miaka 80, jumba la Whitney la New York lilimfanyia maonyesho yake peke yake, mwanamke wa kwanza Mmarekani mweusi kupata hilo hapo. "Bado nina wakati," alisema, akalifunga faili.

Kazi ya mwisho ilitoka kwenye ile leso. Aliitandaza mbele ya picha, wawili wakaishika ncha. Akaonyesha pindo linalozunguka, mji wa katikati, na chini ya mji, jina. Hapa pwani hakuna anayeuliza ua au korosho ya leso inamaanisha nini. Mwanamke dukani Mombasa, kwenye barabara ya Biashara, hutazama mji, husoma jina, huvilinganisha viwili hivyo na yule anayetaka kumpelekea ujumbe, ndipo anapotoa pesa. Nani alisema picha dhahania ni mambo ya Ulaya? Watoto hawa wamebebwa mgongoni ndani ya picha za namna hiyo, na wengine wao wamekulia karibu na vigango vya Wagiriama, mbao zilizochongwa pembetatu juu ya pembetatu kwa ajili ya wazee waliotangulia. Mwalimu hakusema hata moja kati ya hayo, nayasema mimi. Yeye alisema, "Mpeni huyu Mrusi jina la leso. Lisizidi maneno matano."

Msichana aliyekuwa ameona upweke alitoa *Umbali si uhasama*, na darasa likapiga makofi. Lilikuja *Nimulike nisikuunguze*. Lilikuja moja la matusi kidogo, likachekewa na kuachwa. Kijana wa mbele yangu hakunyoosha mkono. Mwalimu alimngoja hata hivyo, akiitazama picha badala ya uso wake, hadi kijana akasema kwa sauti ambayo nilikuwa mtu wa pekee wa nyuma kuisikia vizuri: "Weusi wangu haukuchafui."

Mwalimu akakata ukanda wa karatasi ya manila, akaliandika jina hilo kwa herufi kubwa, kama yanavyoandikwa kwenye leso, akaenda kulibandika chini ya picha. Alikuwa ameshakata selotepu kwa meno pale mtoto mmoja alipoita kutoka safu ya dirisha.

"Lakini Mwalimu, picha tumeigeuza. Chini ni wapi?"

Akageuka, ukanda mkononi, selotepu ikining'inia kwenye kidole. Akaitazama picha. Akawatazama wao. Kengele ililia, na hakuna aliyesimama, naye akabaki vile vile, akingoja.